Turbo moja au mbili kwa injini ndogo: hatua za kufuata kabla ya kuamua

Anayetaka kuiongezea nguvu injini ndogo mara nyingi huanza na swali ambalo lilipaswa kuja mwishoni: nifunge turbo moja au mbili? Turbo ni magurudumu mawili kwenye shafti moja: turbini inayozungushwa na moshi wa injini, na kompresa inayosukuma hewa ndani ya injini. Idadi ya turbo hujulikana baada ya kujua injini inahitaji hewa kiasi gani, inaihitaji kwenye mizunguko ipi, na moshi wake unatoka kwa mpangilio gani. Ukiyajua hayo, swali lenyewe karibu linajijibu.

Kwa injini ndogo nina maana ya injini isiyozidi lita 2.0 au zaidi yake kidogo, na mara nyingi ni ya silinda tatu au nne zilizopangwa kwenye mstari mmoja. Msimamo wangu nauweka wazi tangu hapa: kwa injini ya petroli ya aina hiyo, turbo moja iliyochaguliwa kwa hesabu huishinda jozi karibu kila mara. Ziko hali ambazo mbili ndizo zinazofaa, na nitazitaja, ila ni chache kuliko wengi wanavyodhani.

Hatua ya 1: Jua "turbo mbili" unazozitaka ni zipi

Kuna mipango mitatu inayoitwa kwa jina moja, na kila mmoja ulibuniwa kwa tatizo lake.

Wa kwanza ni wa sambamba. Turbo mbili zinazolingana, kila moja inazungushwa na moshi wa nusu ya silinda, na zote zinasukuma hewa kwenye bomba moja. Nissan walifanya hivyo kwenye injini ya RB26DETT ya Skyline GT-R ya mwaka 1989: lita 2.6, silinda sita, kila turbo na silinda zake tatu.

Wa pili ni wa zamu. Turbo moja inafanya kazi peke yake injini ikiwa chini, kisha ya pili inaingizwa mizunguko ikipanda. Porsche 959 ilikuwa na mpango huu katika miaka ya 1980, na baadaye ukaonekana kwenye Mazda RX-7 ya kizazi cha FD na Toyota Supra yenye injini ya 2JZ-GTE. Unahitaji vilango vya kufungua na kufunga njia za moshi na za hewa, pamoja na vipira vingi vya vakyumu vya kuviendesha. Anayeijua RX-7 hiyo anajua vipira hivyo vikizeeka kazi yake huwaje.

Wa tatu ni wa ngazi. Turbo kubwa inaigandamiza hewa kwanza, halafu ndogo inaipokea na kuigandamiza tena. Viwango vinazidishana: ngazi ya kwanza ikigandamiza mara 2.0 na ya pili mara 1.8, mwisho wake ni mara 3.6. Huu ni mpango wa injini inayotaka presha kubwa sana, na kwa kawaida injini hiyo ni ya dizeli.

Fundi akikuambia atakufungia turbo mbili, muulize mpango upi. Asipokuwa na jibu la moja kwa moja, subiri kwanza.

Hatua ya 2: Eleza tatizo lako kwa usahihi

Watu husema "turbo inachelewa" kwa mambo mawili yasiyofanana, na dawa zake ni tofauti.

La kwanza: injini iko kwenye mizunguko 1,800 kwa dakika, unakanyaga mafuta mpaka chini, na gari halina uhai mpaka ifike 3,000. Hapo moshi ni mchache mno kuizungusha turbini. Hata ungeishikilia injini kwenye 1,800 kwa dakika nzima, presha isingepanda. Kinachohitajika ni turbini ndogo zaidi, au nyumba ya turbini yenye njia nyembamba zaidi.

La pili: injini tayari iko 4,000, umeachia mafuta kwenye kona, unakanyaga tena, na muda unapita kabla presha haijarudi. Hapa moshi upo wa kutosha, ila magurudumu ya turbo yamepoteza kasi na yanahitaji muda kuirudisha. Kinachosaidia ni magurudumu mepesi, beringi za gololi, manifoldi fupi (mabomba yanayokusanya moshi wa silinda), na mabomba ya hewa yasiyo na ujazo mkubwa kati ya kompresa na injini.

Andika lipi linakusumbua, kisha andika injini yako hukaa wapi muda mwingi. Gari la safari za kila siku huishi kati ya mizunguko 1,500 na 3,500. La mashindano ya uwanjani huenda lisishuke chini ya 4,500 kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwa gari hilo la pili, kulipia mpango tata ili upate presha kwenye 2,000 ni kulipia mahali ambapo injini haifiki.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya hewa

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, nami naiona ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote. Haihitaji zaidi ya kikokotoo cha simu.

Chukua injini ya lita 1.6. Injini ya mipigo minne huvuta ujazo wake mzima mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krankshafti, shafti kuu ya injini. Kwenye mizunguko 6,500 kwa dakika, basi, inavuta 1.6 × 3,250, yaani lita 5,200, au mita za ujazo 5.2 kwa dakika. Silinda hazijai kikamilifu, kwa hiyo chukua asilimia 90 yake: mita za ujazo 4.68.

Sasa tafuta uzito wa hewa hiyo, kwa kuwa mafuta huungua kulingana na uzito wa hewa. Tuseme unataka presha ya 0.8 bar juu ya hewa ya kawaida. Usawa wa bahari hewa ina 1.01 bar, kwa hiyo ndani ya manifoldi ya kuingilia kuna 1.81 bar. Intakula nzuri, yaani kipoza hewa cha kati ya turbo na injini, ikiishusha hewa mpaka nyuzi 45 za Selsiasi, ambazo ni 318 za Kelvini, uzito ni 181,000 ÷ (287 × 318), ambapo 181,000 ni ile 1.81 bar kwa paskali na 287 ni namba ya kudumu ya hewa. Unapata kilo 1.98 kwa kila mita ya ujazo. Zidisha kwa 4.68: kilo 9.3 za hewa kwa dakika.

Kwa petroli, kila kilo moja ya hewa kwa dakika hutoa takriban nguvu farasi 20 hadi 22. Injini hii basi itakuwa kwenye 190 hadi 200. Kama lengo lako ni 300, tayari umejua kwamba 0.8 bar haitoshi, na umejua bila kununua chochote.

Rudia hesabu hiyo kwa mizunguko 2,500, mahali unapotaka presha iwe imekamilika, ukichukua ujazaji wa asilimia 85. Unapata karibu kilo 3.4 kwa dakika.

Kinachobaki ni uwiano wa presha, yaani presha inayotoka kwenye kompresa ukiigawa kwa ile inayoingia. Intakula na mabomba hula kiasi, tuseme 0.07 bar, na chujio la hewa 0.02. Kompresa basi inatoa 1.88 na kupokea 0.99, uwiano ni 1.9.

Sasa unazo nukta mbili: kilo 3.4 na kilo 9.3, zote kwenye uwiano wa 1.9. Fungua ramani ya kompresa, ule mchoro ambao mtengenezaji wa turbo hutoa kwa kila modeli. Mstari wa chini ni hewa, wa wima ni uwiano wa presha, na katikati kuna visiwa vinavyoonyesha ufanisi kwa asilimia. Kuwa mwangalifu na vipimo, kwa sababu ramani nyingi hutumia ratili kwa dakika: 3.4 ni ratili 7.5, na 9.3 ni ratili 20.5. Nukta ya kwanza lazima iwe kulia kwa mstari wa kushoto kabisa. Kushoto kwa mstari huo hewa hurudi kinyumenyume kupitia kompresa kwa mshtuko, na mshtuko huo huziumiza beringi. Nukta ya pili inatakiwa ikae kwenye kisiwa cha asilimia 70 au zaidi, isikaribie ukingo wa kulia ambako turbo huzunguka kupita kiasi na kuchemsha hewa tu.

Kama unaishi au unaendesha sehemu za milimani, fanya hesabu kwa mwinuko wa huko. Mita 2,000 juu ya bahari hewa ina karibu 0.8 bar tu. Ukitaka injini ipate kiasi kilekile cha hewa, uwiano unapanda kutoka 1.9 hadi karibu 2.4, na turbo iliyokaa vizuri kwenye ramani pwani inaweza kujikuta ukingoni huko juu.

Hatua ya 4: Gawanya hewa hiyo kwa mbili uone kinachotokea

Ukiweka turbo mbili za sambamba kwenye injini yetu, kila moja inalisha lita 0.8. Kwenye mizunguko 6,500 inapitisha kilo 4.6 kwa dakika, na kwenye 2,500 inapitisha 1.7. Turbo za ukubwa huo zipo. Ni za jamii ya zile zinazofungwa kwenye magari madogo ya Kijapani ya sentimita za ujazo 660. Swali ni kama zinakupa kitu.

Hoja ya wanaozipenda ina msingi, na inastahili kupimwa kwa haki. Ugumu wa gurudumu kuongeza kasi hukua kwa kipenyo kilichozidishwa mara tano kwa chenyewe. Turbo ya kupitisha nusu ya hewa ina kipenyo cha takriban asilimia 71 ya ile kubwa, na ugumu wake unashuka hadi asilimia 18 hivi. Ukijumlisha zote mbili ni asilimia 35 ya turbo moja. Kwenye karatasi, jozi ingeamka mapema zaidi kwa tofauti kubwa.

Injini halisi hailipi faida hiyo yote. Kati ya ncha za mapanga ya gurudumu na ukuta wa nyumba yake lazima pawe na mwanya, na mwanya huo hauwezi kupunguzwa kwa kiwango kilekile ambacho gurudumu limepunguzwa. Kwenye gurudumu dogo, sehemu kubwa zaidi ya hewa na moshi hupita mwanyani bila kufanya kazi. Msuguano wa oili kwenye beringi nao unakula sehemu kubwa zaidi ya nguvu ndogo iliyopo, na sasa una seti mbili za beringi. Moshi unaogawanyika kwenye nyumba mbili hupoteza joto zaidi, na joto ndilo linaloisukuma turbini.

Upande wa kompresa unaweza kuona hasara kwa namba. Hewa ya nyuzi 30 ikigandamizwa mara 1.9 kwa ufanisi wa asilimia 75 hutoka na nyuzi 111. Kwa asilimia 65, ambayo si ajabu kwa kompresa ndogo sana, hutoka na nyuzi 124. Nyuzi hizo 13 za ziada zinaenda kwenye intakula, na zikiizidi zinaingia kwenye silinda na kuleta kugonga kwa injini, ule mlio wa petroli inayolipuka kabla ya wakati.

Watengenezaji wamelipima jambo hili kwa magari yanayouzwa. Subaru waliuza Legacy ya lita 2.0 yenye turbo mbili za zamu katika miaka ya 1990, na madereva wake walilijua vizuri lile bonde la katikati, pale presha inaposhuka wakati turbo ya pili inapoingizwa. Kizazi cha mwaka 2003 kilikuja na turbo moja yenye njia mbili za moshi. BMW walianza na turbo mbili za sambamba kwenye N54 ya mwaka 2006, silinda sita za lita 3.0, lakini N55 ya mwaka 2009, yenye ujazo uleule, ilikuwa na moja. Na Mercedes-AMG, waliotoa M139 mwaka 2019, walifikisha nguvu farasi 421 kwenye lita 2.0 kwa turbo moja. Sioni injini ya lita 1.6 ya matumizi ya barabarani ambayo ingehitaji kuzidi hapo.

Hatua ya 5: Yatenganishe mapigo ya moshi

Kwenye injini ya silinda nne inayowaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, valvu ya moshi hufunguka kila digrii 180 za krankshafti, lakini kila moja hubaki wazi kwa digrii 240 hivi. Silinda ya 1 haijamaliza kutoa moshi, na tayari silinda ya 3 imefungua na kupiga wimbi zito kwenye manifoldi ileile. Wimbi hilo hurudi ndani ya silinda ya 1 na kubakiza moshi humo. Ukikusanya silinda ya 1 na 4 kwenye njia moja, na 2 na 3 kwenye nyingine, kila njia inapata pigo moja kwa kila digrii 360, na mapigo hayagongani tena.

Turbo mbili za sambamba kwenye silinda nne hutoa utenganisho huo, na hapo ndipo sifa yake kubwa ilipo. Lakini nyumba ya turbini yenye njia mbili inautoa uleule kwa gurudumu moja, shafti moja, na bomba moja la oili. Kwa mtu mwenye silinda nne za petroli, sentensi hiyo ndiyo kiini cha uamuzi.

Utenganisho unatakiwa ufike mpaka kwenye gurudumu lenyewe. Chukua gasketi ya kati ya manifoldi na turbo, uishike juu ya uso wa turbo mahali inapokaa. Kama uso una matundu mawili yaliyotengwa na ukuta na gasketi ina tundu moja kubwa lisilo na mkanda katikati, moshi utavuja juu ya ukuta huo kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Pitisha kidole ndani ya manifoldi: ukuta wake unatakiwa ukutane na ukuta wa turbo bila ngazi. Halafu angalia wesgeti, lango linaloupitisha moshi wa ziada kando ya turbini. Ikiwa njia zote mbili zinakutana kwenye bomba moja kabla ya wesgeti moja ya nje, mapigo yanachanganyika humo, na umelipia njia mbili ukapata moja na nusu. Ama weka wesgeti mbili, moja kwa kila njia, ama tumia ya ndani ambayo kifuniko chake kinaziba matundu yote mawili kila kimoja kivyake.

Injini ya silinda tatu haina tatizo hili. Mapigo yake yanaachana kwa digrii 240, kwa hiyo hayagongani sana, na turbo ya njia moja inatosha kabisa. Ndivyo Ford walivyofanya kwenye EcoBoost ya lita 1.0 mwaka 2012, ambayo turbo yake ndogo inaweza kufika mizunguko 248,000 kwa dakika, na ndivyo Toyota walivyofanya kwenye lita 1.6 ya GR Yaris. Ukiwa na silinda tatu na mtu anakushawishi ufunge turbo mbili, muulize silinda ya tatu ataipeleka upande gani.

Hatua ya 6: Angalia kama wewe ni miongoni mwa wanaohitaji mbili

Injini ya V au ya silinda zinazolala pande mbili hutoa moshi kushoto na kulia. Kuupeleka wote kwenye turbo moja kunahitaji bomba refu linalozunguka injini, na urefu huo unapoteza joto na mapigo. Turbo moja kila upande inakuwa na mantiki hata injini ikiwa ndogo: Maserati Biturbo ya mwaka 1981 ilikuwa V6 ya lita 2.0.

Dizeli ndogo inayotakiwa kutoa nguvu kubwa ni hali ya pili. Dizeli haina kugonga kule kwa petroli, kwa hiyo inavumilia presha ambayo kompresa moja haiwezi kuitoa kwa ufanisi kuanzia chini hadi juu. Hapo mpango wa ngazi unafanya kazi nzuri kweli. BMW 123d ya mwaka 2007 ilitoa nguvu farasi 204 kwa lita 2.0, na Mercedes walifuata na OM651 ya lita 2.1. Hata hivyo, kwa dizeli ya kawaida ya kubeba mizigo au familia, ningeanza na turbo moja yenye vibao vinavyogeuka, ile inayobana njia ya moshi mizunguko ikiwa chini na kuifungua ikipanda. Inafika mbali, na haina kazi ya kuoanisha turbo mbili.

Hali ya tatu ni gari lililotoka kiwandani na turbo mbili zikiwa nzima. Kama linakwenda vizuri na lengo lako ni nguvu ileile, liache kama lilivyo, libadilishwe vipira vya vakyumu, na oili iwe safi.

Hatua ya 7: Pima nafasi, na ufikirie oili na joto

Turbo ya pili haiji peke yake. Inakuja na bomba la oili la kuingia, la kutoka, mabomba mawili ya maji, wesgeti, bomba la kushuka la ekzosi, na ngao za joto. Kata kadibodi kwa vipimo vya turbo na uiweke mahali inapotakiwa kukaa kabla ya kuagiza. Angalia umbali wake na vipira vya breki, nyaya, na rejeta.

Bomba la oili la kutoka ndilo linalosahaulika. Oili hutoka kwenye turbo kwa kushuka yenyewe, ikiwa na povu na bila presha. Bomba lake liwe pana, literemke muda wote bila kupinda kwenda juu, na liingie kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) juu ya usawa wa oili. Likishindwa kutoa, oili hujaa ndani ya turbo na kupita kwenye sili zake, halafu unaona moshi wa bluu na kudhani turbo ni mbovu. Kwa turbo mbili kwenye chumba kidogo, kupata miteremko miwili mizuri ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana kwenye picha.

Kwa mpango wa sambamba ongeza kuoanisha. Wesgeti moja ikifunguka mapema kuliko nyenzake, turbo ya upande wa pili inasukuma zaidi, na hii iliyolegea inaweza kusukumiziwa hewa kinyume.

Hatua ya 8: Tumia akiba ya turbo ya pili mahali inapoleta faida

Fedha na nafasi ulizookoa kwa kufunga turbo moja zina kazi. Ningezipanga hivi: kwanza pampu ya mafuta na nozeli zinazotosha hewa uliyoihesabu, kwa sababu injini ikikosa mafuta chini ya presha pistoni huyeyuka. Pili, intakula yenye ukubwa wa kutosha. Tatu, fundi wa kuiseti kompyuta ya injini akiwa na kipimo cha uwiano wa hewa na mafuta na namna ya kusikiliza kugonga kwa injini. Klachi inafuata.

Usilazimishe presha kamili mapema mno. Turbo ndogo inayosukuma 1.2 bar kwenye mizunguko 2,000 inaziweka koneksheni za pistoni, vyuma vinavyounganisha pistoni na krankshafti, kwenye mzigo mzito kuliko ile inayofika huko kwenye 3,500, hata kama nguvu ya juu ni sawa. Nyingi hupinda huko chini, ambako pigo moja la mwako hudumu zaidi. Kwenye injini ambayo ndani bado ni ya kiwandani, mwambie fundi aiache presha ipande taratibu mpaka 3,000 au zaidi.

Hatua ya 9: Chagua, kagua, funga, pima

Kwa silinda nne za petroli: turbo moja, nyumba ya njia mbili, kompresa iliyopita kwenye hesabu ya hatua ya 3. Ukisita kati ya saizi mbili, nenda na ndogo kwa gari la kila siku. Kumbuka pia kwamba kwa turbo nyingi nyumba ya turbini inabadilishwa peke yake: ikichelewa sana weka yenye njia nyembamba, ikibana juu weka pana, bila kugusa upande wa kompresa.

Kama turbo ni ya mtumba, shika ncha ya shafti upande wa kompresa kwa vidole viwili. Kuyumba kidogo kushoto na kulia ni kawaida kwa beringi za oili, maana bila oili mwanya wake unasikika. Kusukuma mbele na nyuma kusisikike kabisa, au kusikike kwa shida. Izungushe huku ukiisukuma upande. Gurudumu likigusa ukuta mahali popote, iache. Tazama pia mapanga ya kompresa kwa taa: ncha zilizolika au kupinda zinaonyesha iliwahi kumeza vumbi au kitu kigumu.

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, mimina oili kwenye tundu lake la kuingilia, kisha piga stata bila kuwasha mpaka taa ya oili izime. Iache injini ipate joto bila kukanyaga mafuta na uangalie kila muungano.

Kisha pima kwa rekodi ya kompyuta. Ukiwa mahali salama, gia ya tatu, kanyaga mafuta mpaka chini kutoka 1,800 na usome presha ilikamilika kwenye mizunguko mingapi. Rudia kutoka 4,000 baada ya kuachia mafuta, usome ilichukua muda gani kurudi. Linganisha na ulichoandika kwenye hatua ya 2. Ukiweza, pima pia presha ya moshi kabla ya turbini. Ikizidi mara mbili ya presha unayosukuma kwenye injini, turbini ni ndogo kwa kazi hiyo, na nyumba pana zaidi ndiyo inayofuata. Mwaga oili baada ya kilomita 500 za kwanza na uipitishe kwenye kitambaa cheupe. Ukiona chembe zinazong'aa, ivue turbo uangalie beringi kabla ya kuendelea.